Nilitaka mtungi uwe mtu: miezi 14 ya kuhangaika na udongo nikimfuata Picasso

Yote ilianza na picha moja tu kwenye kitabu cha kuazima. Ilikuwa chupa ya udongo, chupa kabisa ya kawaida yenye tumbo na shingo, ila mtu kaiminya katikati ikapata kiuno, kaipinda kidogo kwa mbele, afu kaichora mistari michache ya rangi na imekuwa mwanamke kapiga magoti. Nikaiangalia sijui dakika ngapi. Ukiitazama hivi ni mwanamke, ukipepesa macho ni chupa tena, na huwezi kusema moja limeshinda jingine. Chini yake wameandika Pablo Picasso, Vallauris. Mi Picasso nilikuwa namjua wa michoro tu, zile sura zenye macho mawili upande mmoja, sikujua kabisa kama aliwahi kushika udongo, kumbe ameushika miaka zaidi ya ishirini na kaacha maelfu ya vyombo: majagi yenye sura za watu, bundi, mbuzi, njiwa, sahani zenye mafahali na wapiganaji wake, vyombo vya miguu mitatu vyenye uso wa mwanamke.

Nikasema hiki kitu nakiweza. Ndo kosa la kwanza hilo na ndo lililozaa mengine yote, manake vyombo vile vinaonekana vyepesi sana, kama mtu kacheza nusu saa akaondoka. Naandika hii kwa mtu yeyote ambaye ameona kitu kama hicho moyo ukamdunda, ili asipoteze miezi yake mitano ya mwanzo kama mimi.

Basi nikatafuta karakana ya ufinyanzi inayopokea wanafunzi, nikalipa miezi mitatu kwa mkupuo kutoka kwenye akiba yangu, nikanunua na udongo wangu mwenyewe, nikanunua visu na waya na vijiti vya kuchongea, seti nzima. Hapo nikushauri mapema kabisa: usinunue seti. Mpaka leo natumia waya mmoja, sifongo moja, kipande cha mbao nilichokikwangua mwenyewe, na sindano nene niliyoichomeka kwenye kizibo. Vingine vyote vipo kwenye boksi. Hela ile ningeiweka kwenye kulipia tanuri ningekuwa mbali.

Fundi wa pale ni mzee, mpole, anaongea kidogo. Siku ya kwanza nikamwonesha picha kwenye simu nikamwambia mzee mi nataka kutengeneza kama hivi. Akaitazama, akaniuliza, mwanangu umeshawahi kufinyanga chupa? Nikamwambia hapana lakini mi sitaki chupa, nataka mwanamke. Hakunibishia. Akanipa meza.

Nikatengeneza mwanamke wangu kama mtu anayechonga sanamu, bonge la udongo mzima, nikachonga kiuno, nikachonga shingo, nikaweka kichwa, afu juu ya kichwa nikatoboa shimo la kina kama kidole ili niseme ni chombo. Nilimpenda kweli. Wiki mbili kakauka mezani, kwa nje mweupe mkavu, nikaona yuko tayari, nikaomba aingizwe kwenye tanuri ya pamoja na kazi za wanafunzi wengine. Fundi siku hiyo hakuwepo, aliyepakia ni kijana msaidizi na mi nikamhakikishia kwa mdomo wangu kuwa kitu kimekauka. Jioni ile tanuri lilikuwa bado halijafika hata nyuzi joto 200 tukasikia mlio, kama mtu kapiga mlango kwa teke. Afu wa pili.

Tulipofungua kesho yake mwanamke wangu alikuwa vipande vya ukubwa wa kucha, vimetawanyika rafu zote, na vyombo sita vya watu vimepasuka au vimemeguka midomo. Kimoja kilikuwa cha mama mmoja aliyekuwa amemtengenezea mwanawe anayeolewa. Nililia, nasema ukweli. Nikaenda kumwomba radhi, akanipokea vizuri lakini nilimwona macho yake, na sitasahau. Nikawalipia wote sita gharama ya udongo na ya kuchoma, kwaiyo mwezi ule sikuwa na kitu. Lakini kazi ya mtu huwezi kuilipa, huyo mama alianza upya na harusi ikapita.

Fundi aliporudi hakufoka. Alichukua kipande kimoja akanionesha unene wake, zaidi ya sentimita 5. Akaniambia watu wengi wanasema chombo kinalipuka sababu ya hewa iliyobaki ndani, sio kweli, kinacholipua ni maji. Udongo mnene unakauka nje ndani bado umelowa, joto likipita nyuzi 100 yale maji yanakuwa mvuke, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, sasa yatapitia wapi? Yanapasua. Bonge la hewa kama ukuta umekauka vizuri halina shida kubwa, ila mara nyingi pale penye hewa ndo unyevu unajificha, ndo maana watu wanachanganya.

Toka siku hiyo nafanya mambo haya bila kuruka hata moja. Ukuta haufiki hata unene wa kidole changu kidogo, ni karibu milimita 6 mpaka 8. Kitu chochote kilichofungwa pande zote nakitoboa tundu dogo la sindano mahali pasipoonekana, chini ya kitako au ndani ya mdomo wa ndege. Kabla ya kuchoma nakiweka shavuni, kama ni cha baridi bado kina maji hata kama kwa macho ni kikavu. Na tanuri naliacha usiku kucha kwenye nyuzi 80 au 90 hivi, chini ya pale maji yanapochemka, kifuniko kikiwa wazi kidogo, ndo asubuhi napandisha. Usiku mmoja wa umeme ni gharama ndogo ukilinganisha na yale niliyoyaona.

Baada ya hapo nikakaa wiki tatu sikwenda. Niliona aibu. Wiki hizo ndo nilisoma kweli kuhusu zile chupa, na ndo nikakutana na kitu ambacho laiti ningekijua mwanzoni.

Picasso alifika Vallauris, kusini mwa Ufaransa, kiangazi cha 1946, kwenye maonesho ya wafinyanzi wa mji ule. Mji wenyewe ni wa wafinyanzi wa siku nyingi, walikuwa wanatengeneza vyungu vya kupikia. Akakutana na Georges na Suzanne Ramié wenye karakana iitwayo Madoura, akafinyanga vipande vichache akaondoka. Mwaka uliofuata, 1947, akarudi ana michoro ya vitu anavyotaka kutengeneza, na hapo hakutoka tena kwenye udongo mpaka miaka yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 65 anaanza kazi mpya. Sasa kitu chenyewe ni hiki: zile chupa hakuzifinyanga yeye. Pale Madoura kulikuwa na fundi wa gurudumu, Jules Agard, na ndiye aliyekuwa anapandisha chupa kwenye gurudumu, nyembamba, sawasawa, safi, anamkabidhi Picasso zikiwa bado mbichi. Picasso anaishika anaiminya kiuno, anapinda shingo, chupa inakuwa mwanamke au njiwa.

Niliposoma hivyo nikakaa kimya. Manake mi nilitaka kuwa mtu wa pili bila kuwa wa kwanza. Ule mchezo niliouona kwenye picha umesimama juu ya mikono ya mtu aliyefinyanga maelfu ya vyombo vya kawaida, na ndo maana ukiupinda haupasuki wala hauanguki, ukuta una unene mmoja kutoka kitako mpaka mdomo na udongo wote una unyevu mmoja. Na naona watu hawamtaji huyu fundi inavyotakiwa. Mi namtaja kila nikipata nafasi.

Nikarudi kwa mzee. Shikamoo, marahaba, nikamwambia mzee nataka kujifunza chupa. Akatabasamu akanipa gurudumu la kona.

Hii sehemu sitaielezea sana, manake haina siri, ni kukaa tu. Miezi mitano. Mwezi mzima wa kwanza ni kuweka udongo katikati ya gurudumu, mikono inatetemeka, mgongo unauma, unarudi nyumbani na maji ya udongo mpaka kwenye nywele. Nilikuwa nafinyanga kumi nakata zote kumi kwa waya katikati nione unene wa ukuta, afu narudisha udongo kwenye ndoo. Usitunze kazi zako za mwanzo. Kile cha kukata kilinifundisha kuliko maneno yote, manake unaona kwa macho kitako kizito na shingo nyembamba kama karatasi. Chupa ndo ngumu kuliko bakuli, manake shingo unaikusanya kutoka kwenye upana kuja kwenye wembamba, na udongo ukikusanywa unajikunja kama kitambaa ukiharakisha. Mzee alikuwa anasema punguza mwendo wa gurudumu hapo kwenye shingo, mi naongeza, inasokota. Kama chupa ya 140 hivi, nilikuwa naandika tarakimu ukutani kwa penseli, nikapata ya kwanza ambayo mzee alipoitazama alinyamaza kidogo afu akasema hii usiikate, ipinde.

Sasa ndo tukafika kwenye jambo ambalo naona ni moyo wa kazi yote, nalo ni muda. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mi nilidhani naelewa maana yake. Ukiupinda ukiwa umetoka tu kwenye gurudumu, unalala wote chini kama mtu kazimia. Ukingoja mpaka kesho yake unapinda unasikia kitu kama kitambaa kinachanika, ufa mdogo nyuma ya shingo, na ufa huo hata ukiupaka rojo la udongo ukalainisha kwa kidole ukapotea, utarudi tanurini, udongo unakumbuka. Kuna kati hapo, masaa mawili au matatu kwenye siku kavu, siku ya mvua hata sita, ambapo chupa inajibeba yenyewe lakini ukiigusa kwa kidole inabonyea bila kunata. Kidole kikitoka kisafi na alama imebaki, hapo ndo pake. Na hapo huna nusu saa ya kufikiria, inabidi uwe umeshajua unataka nini. Ndo nikaelewa kwanini Picasso alirudi 1947 na michoro mkononi! Ule mkunjo mmoja unaoonekana umefanywa kwa kucheza ulikuwa umeshafikiriwa kabla chupa haijazaliwa. Sasa hivi mi nachora kwanza, nachora chupa ile ile mara ishirini, nikifika kwenye gurudumu mkono unajua unapokwenda.

Kuna ujanja nilioupata hapo ambao umeniokolea vyombo vingi. Ukitaka kuminya tumbo bila kuliangusha, funga kwanza mdomo wa chupa kabisa, shingo ikusanye mpaka izibe. Hewa iliyobaki ndani inakuwa kama puto, unaminya hapa inasukuma pale, unaweza kubonyeza kiuno, kupiga kitako kwa mbao kikawa bapa upande mmoja, kutokeza kifua, na ukuta haulali. Ukimaliza, udongo ukikaza kidogo, ndo unafungua mdomo kwa kisu pale unapotaka, na sio lazima uwe juu. Mdomo unaweza kuwa begani, au mkiani. Njiwa wangu wa kwanza aliyekaa ni chupa iliyolazwa ubavu, shingo imegeuka kichwa, na mdomo nimeukata mgongoni.

Njiani hapo kuna kitu kilinifurahisha sana, nikawa nakisema kwa kila mtu. Sisi tayari tunaviita vyombo kwa viungo vya mtu. Mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo, una kitako, chungu kina masikio, jagi lina mkono. Miaka yote nasema "shika sikio la chungu" na sijawahi kuliona lile sikio. Picasso alichofanya ni kuyasikia maneno hayo kwa macho. Siku niliyolijua hilo niliacha kubandika vichwa vya watu juu ya mitungi, manake kichwa kilikuwepo tayari, kazi yangu ni kukigusa kidogo tu kionekane. Na ukiangalia kazi za Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, aliyeanza kwenda Uingereza 1971, utaona hilohilo likifanywa kwa upole mkubwa: yeye hatumii gurudumu, anapandisha kwa mkono, anasugua mpaka inang'aa bila glezi, ule upako unaogeuka kioo tanurini, na mtungi wake unasimama kama mtu aliyeinua kidevu, bila jicho wala pua hata moja. Nilimtazama huyu na Picasso kwa pamoja miezi mingi. Mmoja anakuchekesha, mwingine anakunyamazisha, na wote wawili hawajauacha mtungi.

Mikono sasa. Chupa ikiwa mtu, mkono wa jagi unakuwa mkono kweli, na mi nilikuwa na wazo langu mwenyewe tangu zamani: bibi yangu alivyokuwa anasimama mlangoni, mkono mmoja kashika kiuno, kainama kidogo mbele anaangalia nani anakuja. Jagi lenye mkono mmoja lina mkao huohuo kabisa! Nilitengeneza tisa. Saba mikono ilikatika au ilipasuka pale inapoungana na bega. Nililaumu udongo, nikabadilisha mpaka aina ya udongo, hela nyingine imekwenda, kumbe tatizo ni kwamba nilikuwa naunganisha mkono mbichi kwenye mwili ulioanza kukauka. Udongo ukikauka unasinyaa, na ukichomwa unasinyaa tena, jagi langu la sentimita 30 linatoka na 27 na kidogo. Sasa mwili umeshasinyaa nusu na mkono haujaanza, lazima mmoja amwachie mwenzake. Dawa yake: tengeneza mkono mapema, uache ukae na mwili chini ya nailoni moja usiku mzima mpaka unyevu wao ulingane, kwaruza pande zote mbili kwa uma, paka rojo la udongo uleule, kandamiza mpaka rojo litoke pembeni, afu funika tena siku tatu nne, mkono uufunge na nailoni yake zaidi manake mwembamba unakauka haraka. Na changanya udongo wenye chenga za udongo uliochomwa na kusagwa, zinausaidia kuhimili. Tangu nianze hivyo nimepoteza mkono mmoja tu.

Kuanguka pia. Chupa ukishaipinda uzito wake unahama, inasimama vizuri ikiwa tupu, ukitia maji mpaka shingoni inakwenda na uso. Nilivunja mbili hivyo tena zimeshachomwa na kupakwa, zimekamilika kabisa. Jaribu kuweka maji kwenye mfuko wa nailoni uutumbukize ndani wakati chombo bado ni kibichi kigumu, ukiona kinayumba ongeza kitako kwa nyuma au kaa na wazo la miguu mitatu. Miguu mitatu haitikisiki hata meza ikiwa na mawimbi, nadhani ndo maana wafinyanzi wa zamani waliipenda, na Picasso kaigeuza mikono ya mwanamke aliyeshika uso.

Kwenye rangi niliharibu kwa namna nyingine. Bibi wangu wa nane alitoka tanuri la kwanza mzima, nyuzi 1,000, mkono upo, kainama vilevile. Nikamtumbukiza kwenye glezi nyeupe nzito, nikamtia mara mbili ili ang'ae. Akatoka hana uso. Mistari yote niliyokwangua, kope, mikunjo ya kitenge, imejaa glezi kama shimo lililojaa maji, na chini imetiririka ikamgandisha na rafu ya tanuri, ilibidi tumpige patasi. Hapo nikajifunza kutenganisha: mchoro unafanywa na rojo la rangi likipakwa chombo kikiwa bado kibichi kigumu, afu unakwangua mstari rangi ya udongo ionekane chini, glezi ikija ni nyembamba ya kupenya macho, au usiipake kabisa nje, paka ndani tu. Ukiziangalia sahani na majagi ya Vallauris kwa makini utaona nyingi zina sehemu kubwa ya udongo mtupu, glezi imewekwa pale inapohitajika tu. Na kitako kipake nta kabla, au kifute na sifongo mpaka sentimita moja kwenda juu.

Halafu afya, hapa sitaki mtu afanye mzaha. Vumbi la udongo mkavu lina silika, linaharibu mapafu polepole na haliponi, kwaiyo karakana haifagiliwi kavu, inapigwa deki. Vaa barakoa ya vumbi ukichanganya unga wa rangi. Shaba inakupa kijani, kobalti bluu, chuma kahawia mpaka nyekundu, manganizi nyeusi na zambarau, lakini moshi wake tanurini ni sumu, usikae chumba kimoja na tanuri linalochoma. Na kama chombo chako mtu atakinywea, glezi yenye risasi usiiguse kabisa. Mi nilifanya kazi miezi minne bila barakoa kwa sababu inanibana pua, na nilikohoa mpaka daktari akaniuliza nafanya kazi gani.

Kuna swali watu wananiuliza, kama ni sanamu kwanini lazima kishike maji? Mi msimamo wangu ni kwamba lazima kishike. Niliwahi kutengeneza kimoja nikaziba mdomo kabisa, kilikuwa kizuri lakini kilikuwa kimya, hakikuniita. Ule utamu wa kutotulia, mtu au chupa, mtu au chupa, unakuja kwa sababu unaweza kweli kumshika mkono ukammiminia mtu maji kutoka kinywani mwake. Ukimnyima kazi yake amebaki kinyago. Na Picasso mwenyewe aliruhusu Madoura watoe nakala za vyombo vyake, mitindo 633 kuanzia 1947 mpaka 1971, vingine nakala 25 vingine mpaka 500, vingine vinaigwa kwa mkono na vingine vinakandamizwa kwenye kalibu ya plasta, na humo mna majagi na sahani tele. Kwaiyo ni vyombo, vilibaki vyombo.

La kuiga nilizungumze pia manake limeniuma. Karibu nusu ya muda wangu nilikuwa nachora nyuso za Picasso, macho yale, pua ile ya mstari mmoja. Watu walikuwa wanasifia, nimeuza mbili hata. Siku moja mzee kashika moja akaniuliza, mwanangu huyu ni nani? Sikuwa na jibu. Nilijua mkono wake, sikujua mtu. Nadhani kuiga ni sawa kabisa ukiwa unajifunza, mi nimejifunzia hapo jinsi mstari mmoja unavyoweza kufuata mviringo wa tumbo, lakini usiuze, na weka kikomo. Mi kikomo changu kilikuwa siku ile. Nikarudi kwa bibi.

Bibi wa tisa nilimfinyanga mwezi wa kumi na tatu. Chupa ndefu, nikafunga mdomo, nikaminya kiuno mara moja tu, nikampinda mbele kidogo, kidogo zaidi ya nilivyochora, mkono kiunoni. Uso sikuchora. Nimekwangua mstari mmoja wa mtandio kutoka kichwani mpaka mgongoni, nikapaka rojo jeusi upande mmoja, glezi ndani tu. Siku kumi na mbili chini ya nailoni. Tanuri la kwanza, tanuri la pili nyuzi 1,050, na hapo ni kusubiri mpaka lishuke chini ya 100 kabla ya kufungua, nimeshapoteza sahani nzuri kwa kufungua likiwa 200, zinalia ting ting ting zikipasuka. Nilikaa nje kwenye benchi mpaka usiku.

Alitoka mzima. Ana ufa mmoja wa unywele chini ya kwapa, haupiti ndani. Nilimjaza maji palepale karakanani, nikamshika mkono nikamiminia mzee kikombe, yakatoka vizuri ila tone la mwisho likarudi likatiririka kidevuni mpaka kifuani. Mzee akanywa, akaangalia lile tone, akaniambia kingo ya mdomo ni ya mviringo mno, ikate iwe kali kwa chini, tone litakatika lenyewe.

Kesho yake nimepandisha chupa nne. Mbili nimezipinda, mbili zimelala chini ya nailoni zinanisubiri, na mdomo nimeshaukata mkali.